Kuangalia rangi tu

Jumamosi Mwajuma kavishwa pete, picha mmeshaziona, na mama kalia kama kawaida yake. Mimi kilichonikaa kooni ni wifi, tulipokuwa tunapakua pilau.

"Wifi, hivi huko maabara unafanya nini hasa?"

"Napima mafuta ya ndege. Tunayapasha moto, halafu tunaangalia kama bomba limebadilika rangi."

"Kumbe miaka yote ile ya chuo ni kwenda kuangalia rangi tu!"

Shangazi akacheka, nami nikacheka, nikaendelea kupanga nyama kwenye sinia. Kuangalia rangi tu. Lile "tu" ndilo limenikosesha usingizi.

Sasa sikia, wifi. Mafuta yakiwa kwenye ndege hayakai yakisubiri kuchomwa. Yanapitishwa kwanza kupoza oili ya injini, yanafika kwenye vinyunyizio yakiwa moto. Na yana hewa kidogo iliyoyeyuka ndani. Joto likipita nyuzi 150 hivi, oksijeni ile inashikana na mafuta, inazaa peroksidi, peroksidi zinazaa utando unaoganda kama ule wa kikaango kisichosuguliwa. Kukiwa na shaba kidogo tu humo, mambo yanakwenda mbio. Kinyunyizio kikiziba, moto unawaka upande.

Ndiyo maana tunayapitisha juu ya kibomba cha alumini chenye nyuzi 260, dakika 150, kwa mgandamizo wa paundi 500 kwa inchi ya mraba ili yasichemke. Kisha nakitia kibomba kwenye kisanduku chenye taa, nakilinganisha na rangi za kipimo. Kikifika namba 3, kimefeli. Kikitoka na rangi za tausi, bluu na zambarau zinazochezacheza ukikigeuza, kimefeli pia, hata kiwe kizuri namna gani. Na ni kizuri kweli.

Nilipofika hapo wifi akanitoka kichwani. Nikawa nawaza kule juu zaidi, karibu nyuzi 500, ambako oksijeni haihitajiki tena. Minyororo ya kaboni inakatika yenyewe, inatoka methani, inatoka ethilini, na kukatika huko kunameza joto. Wanaobuni ndege za kasi kubwa wanatamani kukatika huko, maana mafuta yanakuwa ndiyo kipoozeo. Tayari SR-71, ndege ya upelelezi ya Wamarekani, ilipozwa kwa mafuta yake, JP-7, ingawa hayo yalitengenezwa yastahimili joto bila kuharibika. Shida ni pale vipande vinapoanza kujiunga upya: pete ya kaboni inashika pete nyingine, mpaka linakuwa kaa gumu ndani ya bomba. Yavunjike, ila yasivuke hapo. Mtu anaweza kumaliza umri wake kwenye hiyo "ila", na mimi nisingemlaumu.

Leo nimeingia kazini naimba.

Ila fundi wa paa kachukua hela ya mabati tangu Jumatatu, na simu yake haipatikani.