Kiazi Kisicho na Jicho

Leo asubuhi nimefukua kile kiazi cha tano cha dalia, ua la bustani linalooteshwa kwa viazi vyake. Nimekivumilia wiki tisa. Wenzake wanne wameshafika magotini, majani yao yamekolea kijani, na huyu wa tano hakuwahi hata kupasua udongo.

Nilitarajia kukuta uozo. Nimekuta kiazi kizima, kigumu, ngozi yake ya kahawia haina doa, na mkiani kimetoa vijizizi vyeupe vyembamba kama uzi. Kilikuwa hai muda wote huo. Kilichokosekana ni jicho.

Nimekaa nacho kando ya tuta nikikigeuzageuza. Dalia si kama kiazi mviringo, ambacho macho yametapakaa mwili mzima, hata ukikikata vipande kila kipande chenye jicho kitachipua. Jicho la dalia liko sehemu moja tu, juu shingoni, pale kiazi kinaposhikana na shina la msimu uliopita. Shingo ikivunjika, au kisu kikishuka chini kidogo wakati wa kugawa fungu la viazi, kiazi hubaki na akiba yake yote ya chakula na hakina pa kutokea. Nimeiona alama ya kisu changu, imekauka, imenyooka, nusu kidole chini ya mahali nilipopaswa kukata.

Kinachoniuma ni kwamba hiki kilikuwa cha mwisho cha ile dalia nyekundu iliyoiva mpaka ikakaribia weusi. Fungu lake nililihifadhi likiwa bado na unyevu, na nilipolifungua vingine vyote vilikuwa vimelainika. Nacho kimoja kilichopona ndicho nilichokikata vibaya. Mbegu zake ninazo chache kwenye bahasha, lakini mbegu haziwezi kunirudishia ua lile. Sisi binadamu tuna seti mbili za kromosomu, zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba sifa za urithi; dalia ina nane. Mchanganyiko wa namna hiyo ukizaa, mtoto anaweza kutoka njano, waridi, petali chache au nyingi, chochote kile. Anayetaka ua lilelile hana budi kugawa viazi au kuotesha kipandikizi.

Maji ndiyo somo nililolielewa mapema, kwa sababu Shangazi alinisisitizia siku aliyonipa fungu la kwanza. "Mwanangu, usikimwagilie mpaka ukione kinatoka. Hakina majani, hayo maji atayanywa nani?" Nimezingatia. Nilichimba shimo la sentimita kumi na tano hivi, nikakilaza kiazi shingo ikitazama juu, nikafukia, nikaacha. Vigingi nilivichomeka siku hiyohiyo ya kupanda, maana ukisubiri mche urefuke utakuja kukitoboa kiazi bila kujua.

Hao wanne nimewakata vilele leo. Kila msimu mkono unasita hapa, kwa sababu kilele ndicho kinachopendeza kuliko sehemu zote, kimejikunja, kinang'aa, na tayari unakihisi kikijiandaa kubeba tumba. Lakini mche ulioachwa hivyo hupanda juu kama fimbo na kuchanua ua moja la maana kabla ya mengine kujikokota. Nimehesabu jozi nne za majani kutoka chini, nikakata juu ya ile ya nne. Sasa kwenye kila kwapa la jani kuna kichipukizi kidogo kama punje ya mchele kinachongoja zamu. Maua yatachelewa wiki mbili au tatu, ila yatakuwa mengi, na kadiri nitakavyoyachuma ndivyo yatakavyozidi kuja.

(Kwa anayeanza: tumba changa ni mviringo kama kifungo, na ua lililokwisha hujifunga likachongoka. Yanafanana sana kwa mbali. Shika kwanza, ndipo ukate.)

Dalia ilipofika Ulaya kutoka Meksiko mwishoni mwa karne ya 18, ikapewa jina la Anders Dahl, mtaalamu wa mimea wa Uswidi. Huko Meksiko imekuwa ua la taifa tangu 1963. Napenda kufikiri kwamba aina zote hizi, za maua madogo na za maua makubwa kama sahani, zimepita mkononi mwa watu waliogawa mafungu na kukata shingo kwa uangalifu, msimu baada ya msimu. Ndiyo maana alama ile ya kisu imenikera kuliko uozo.

Mchana nimempigia Shangazi. Nimemweleza yote, pamoja na kisu. Amenyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ile nyeusi-nyeusi?" Nikasema ndiyo. Anayo bado, mche mmoja, na vilele vyake hajavikata. "Basi kesho navikata. Njoo asubuhi kabla ya jua kali, nitakutilia kimoja kwenye maji."

Kilele kikipunguzwa majani ya chini na kuchomekwa kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini, hutoa mizizi baada ya wiki mbili au tatu. Na kikikua vizuri kitafanya viazi vyake chini kabla ya msimu kwisha, viazi vyenye shingo zao.

Chungu cha mchanga nimeshakitayarisha. Kiazi nimekiweka kwenye lundo la mboji. Kigingi cha tano sijakitoa, kimebaki palepale mstarini.