Funguo zangu na meza ya mama

Leo baada ya kushuka feri kutoka Likoni nikapitia kwa mama, Mji wa Kale, Mombasa.

Nikaingia, salamu, nikatupa funguo za gari mezani kama siku zote.

Meza ile ni ya mvule. Aliachiwa na nyanya.

Mama hakunigombeza. Alinishika kidole, akakipitisha polepole juu ya mbao. "Wasikia, mwanangu?"

Nikasikia. Mikwaruzo midogomidogo, mmoja juu ya mwingine, yote pale pale ninapotupia funguo. Bado naisikia kidoleni hadi sasa.

Nikarudi garini, nikaangalia kwa macho mapya. Plastiki iliyo chini ya tundu la ufunguo imechunika kabisa. Bonge la funguo za nyumba na makufuli huning'inia hapo, na kila tuta zinagonga.

Na simu yangu nayo huwa mfuko mmoja na funguo hizo! Tena na mchanga wa pwani, ambao kwangu mimi ndio mbaya zaidi, maana zimo chembe ngumu kuliko kioo cha kawaida.

Nimepita kwa fundi viatu Mwembe Tayari, akanishonea kifuko cha ngozi cha ufunguo wa gari peke yake. Za nyumba nimezitenga. Kwa mama nimempelekea kisahani cha ukindu, kiko karibu na mlango.

Meza nataka kuitengeneza. Nani kati yenu ashawahi kuondoa mikwaruzo kwenye mvule bila kuharibu rangi yake? Niambieni mlitumia nini.