Siku moja juu ya barafuto, nguzo kwa nguzo

Saa 10 alfajiri. Kupima barafuto, yaani mto wa barafu unaotambaa polepole mlimani, huanza gizani kwa sababu ya nyufa. Usiku theluji iliyozifunika huganda ikabeba uzito wa mtu; mchana hulainika, na ufa wa mita nyingi kwenda chini hauonekani kwa juu. Watu watatu hufungwa kamba moja, wakiachiana mita 10 hivi, kamba isiburuzike. Njumu, yaani meno ya chuma, hukazwa kwenye viatu kabla ya kukanyaga barafu.

Saa 12:30 asubuhi. Nguzo ya kwanza. Ni vipande vya mita 2 vya plastiki au alumini vilivyounganishwa na kuzamishwa mita 8 ndani ya barafu. Barafu ikiyeyuka, nguzo huchomoza zaidi. Uso una mabonde madogo, kwa hiyo laza ubao pembeni mwa nguzo, kisha pima kutoka kichwani hadi kwenye ubao. Ikiwa imeinama, fuata urefu wake na uandike pembe. Ukisahau pembe, hesabu itaonyesha myeyuko mkubwa kuliko uliotokea.

Tuseme mara ya mwisho ilichomoza sentimita 214 na leo ni 251. Zimeondoka sentimita 37 za barafu. Barafuto huchukuliwa kuwa na kilo 900 kwa mita ya ujazo, hivyo zidisha kwa 0.9: sentimita 33.3 za maji, yaani lita 333 kutoka kila mita ya mraba. Hakuna namba inayouma kama hii, maana theluji ya msimu mmoja wa baridi inaweza isitoshe kufidia yote yanayoondoka kiangazi kizima.

Saa 3 asubuhi. Nguzo iliyobakiza chini ya mita 1 ndani ya barafu hubadilishwa leo. Ikianguka, kipimo cha msimu kimepotea. Tunatoboa kwa mvuke: jiko la gesi, chombo cha kuchemshia, mpira mrefu na ncha ya chuma. Usisukume. Iache ncha ishuke kwa uzito wake, la sivyo shimo litapinda. Ikigonga jiwe, hama mita chache uanze upya. Maji ya kuchemsha yachujwe, maana mchanga huziba tundu la ncha, na chombo kisikaukie motoni. Nguzo iingizwe mara moja, kabla shimo halijaganda.

Saa 6 mchana. Jua likiwa juu tunapima albedo, yaani sehemu ya mwanga ambayo uso unairudisha. Vipima-mwanga viwili hufungwa kwenye mkono wa chuma, kimoja kikitazama juu na kingine chini, vikiwa sawa kabisa kwa pima maji. Mpimaji asimame mbali. Kivuli chake huharibu usomaji.

Hapa ndipo sababu ya kuyeyuka inapoonekana wazi. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 au zaidi ya mwanga, barafu tupu asilimia 30 hadi 40, na iliyochafuka kwa vumbi na masizi chini ya 20. Jua likitoa wati 800 kwa mita ya mraba, theluji yenye albedo 0.8 humeza 160, na barafu yenye 0.3 humeza 560. Kilo moja ya barafu iliyofika nyuzi 0 huhitaji kilojuli 334 kuyeyuka. Kwa mwanga huo peke yake, barafu tupu hupoteza karibu kilo 6 kwa saa katika kila mita ya mraba, theluji chini ya 2. Joto la dunia huondoa theluji mapema na kufanya mvua inyeshe mahali palipokuwa pakianguka theluji, basi uso mweusi hukaa juani wiki nyingi zaidi. (Kifusi kinene cha mawe hufanya kinyume: hukinga barafu. Tabaka jembamba ndilo linaloiunguza.)

Saa 8 mchana. Kukagua vitambaa vyeupe vya kukinga barafu na jua. Hutandikwa juu ya theluji mwishoni mwa baridi, kipande cha juu kikilalia cha chini kama vigae vya paa, na kingo hukandamizwa kwa mifuko ya mchanga. Upepo ukiingia chini hukifunua chote. Vikichafuka huzidi kumeza mwanga, na nyuzi zake za plastiki huenda na maji. Uswisi vimepunguza myeyuko kwa takriban asilimia 60 pale vilipotandikwa, lakini vilifunika asilimia 0.02 tu ya barafuto za nchi. Vinafaa kunusuru kipande cha barafu. Kuvitangaza kuwa dawa ya barafuto ni kupotosha watu.

Saa 11 jioni. Kambini, namba huingizwa mara mbili na watu wawili, kisha hulinganishwa. Tunachojua kuhusu kinga halisi kiko mbali na hapa: kupunguza hewa ya ukaa, na kupunguza masizi ya injini za dizeli na mioto ya wazi. Masizi hukaa hewani siku au wiki chache, hivyo matokeo huonekana upesi. Hewa ya ukaa hukaa karne. Makadirio ya mwaka 2023 yalionyesha kuwa joto la dunia likiongezeka kwa nyuzi 1.5 kuliko kabla ya enzi ya viwanda, karibu nusu ya barafuto zitatoweka ifikapo 2100. Likifika nyuzi 4, zaidi ya asilimia 80. Tofauti hiyo ni maelfu kwa maelfu ya barafuto ambazo bado zinaweza kuokolewa.

Saa 2 usiku. Kamba huanikwa, betri huchajiwa, ncha ya mvuke husafishwa kwa waya mwembamba. Anga likiwa wazi uso utaganda vizuri, na nguzo za juu zitasomwa alfajiri.