Kusafisha visima Kilwa baada ya Hidaya: klorini huja mwisho

Kimbunga Hidaya kilipiga Mafia tarehe 4 Mei 2024, na mvua yake ikafurisha Kilwa hadi barabara ya Dar es Salaam–Lindi ikakatika Somanga. Kikundi chetu cha wanafunzi kilianza kusafisha visima vya ringi, yaani vilivyojengwa kwa pete za zege, baada ya mafuriko kushuka. Ukianza mapema ni kazi bure. Maji ya vyooni yanarudi usiku uleule.

Kabla ya kushika ndoo tulionana na mtendaji wa kijiji na bwana afya, tukapatana akina mama watachota wapi kwa siku mbili. Ukiruka hapo, alfajiri utakuta ndoo zimepanga foleni na klorini bado imo kisimani.

Kisima kimoja kinataka ndoo mbili za kamba, chepe la mpini mfupi, brashi ngumu, karai, ndoo ya plastiki ya lita 20, mzani mdogo, glavu na buti. Pampu ya petroli ikae juu, tena upepo upeleke moshi mbali. Usiishushe kisimani hata kwa dakika moja: moshi wake haunusiki sana, ila unaua. Anayeshuka afungwe kamba kifuani, ishikwe na watu wawili.

Pwani usikaushe kisima kwa haraka. Udongo uliolowa husukuma ringi zikahama, na ukivuta sana unaita maji ya chumvi. Tulitoa maji kidogo kidogo, tukisubiri yajae, kisha tukatoa tena. Tope ndilo lililochukua muda: jeusi, limechanganyika na makuti, linanuka yai viza. Lisipokwisha, klorini yote inaishia kupambana nalo na vijidudu vinabaki. Kuta tulisugua kuanzia juu kwenda chini, nyufa za ringi tukaziba kwa saruji.

Maji yakijaa yakiwa maangavu ndipo unapiga hesabu. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kwa 0.785, kisha kwa kina cha maji. Kisima chenye kipenyo cha mita 1.2 na maji ya mita 2 kina mita za ujazo 2.26. Klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 tuliweka gramu 77 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo hapo ni gramu 174. Unga ndio unaotiwa kwenye maji, usimimine maji juu ya unga. Koroga kwenye ndoo ya plastiki, acha machicha yatuame, mimina yale maangavu kisimani ukizungusha kutani. Kopo lililoachwa wazi, unga umeganda, tuliliweka kando kwa sababu nguvu imepungua na vipimo vyote vinapotea.

Funika, acha saa 24, kisha toa maji hadi klorini iliyobaki, ukiipima kwa vidonge vinavyobadilisha rangi ya maji, ishuke kuwa waridi hafifu, miligramu 0.5 kwa lita. Maji hayo ya kwanza yasimwagwe mtoni wala bwawani, yanaua samaki.

Nyumbani watu waliendelea kutibu maji ya kunywa kwa vidonge vya klorini vya miligramu 67: kimoja kwa lita 20 za maji maangavu, subiri dakika 30. Maji yakiwa na ukungu, chuja kwa kipande cha kanga safi kwanza, kisha weka viwili.