VC10 ya East African Airways juu ya Dodoma
Mnaopaka upya, kwenye programu ya kuigiza urushaji ndege, Super VC10 (ndege ya jeti) ya East African Airways, shirika la ndege lililokufa 1977, msinyonye rangi moja kwa moja kwenye picha za zamani. Filamu ikizeeka hubadilika rangi. Sawazisha kwanza weupe wa paa la ndege, ndipo uchukue rangi za mistari. Turubai pikseli 4096 kwa 4096, namba ya usajili kwenye leya (tabaka) yake. Namba hiyo, 5H-MMT, ikisomeka kinyume upande mmoja, ujue modeli inaakisi tekscha (picha inayoifunika): pande zote mbili zinatumia picha moja. Hapo hakuna ujanja, tafuta modeli nyingine. Hifadhi kwa DDS, aina ya faili la tekscha. MSFS 2020 (Microsoft Flight Simulator) inataka layout.json, faili lenye orodha ya mafaili ya kifurushi, isasishwe, la sivyo faili jipya halisomwi. Na weupe uishie 235 hivi kwenye kipimo cha 0 hadi 255, si 255: jua la saa saba mchana pale HTDO (uwanja wa ndege wa Dodoma) linameza mistari yote ya maungio ya mabati ya ndege.