Dari ya Noah: jaribio la nne, na kitambaa bado kiko juu

Leo siku ya tisa tangu nibandike upya kitambaa cha dari ya gari letu, Toyota Noah. Gari nimeianika juani kusudi, vioo vimefungwa, kuanzia saa nne mpaka saa kumi, na jioni nimepitisha kiganja kwenye lile bonde linalozunguka taa ya kati. Kimya. Ule mlio wa kitambaa kinachobanduka, trrr, niliokuwa nausikia hadi usingizini, haupo.

Kushusha dari sielezi, wenzangu mnajua: vikinga jua, vishikio, taa, klipu, kisha ubao wa dari unaobandikwa kitambaa unatokea mlango wa nyuma, watu wawili, bila kuukunja. Mwenye gari lenye mifuko ya hewa ya pembeni achomoe betri kwanza. Kitambaa cha zamani hakikunisumbua, kilishatushukia vichwani kama chandarua. Balaa lilikuwa nyuma yake.

Kinachokufa ni ile sponji nyembamba iliyogandishwa nyuma ya kitambaa. Joto la miaka mingi huigeuza unga wa manjano unaonatanata, ukiugusa unakufuata hadi kwenye nyusi. Mara ya kwanza niliufagia juu juu tu, nikapaka gundi ya fundi viatu kwa brashi. Jioni ilipendeza kweli, nikaita majirani waone. Kesho yake saa nane mchana nikakuta dari imeota tumbo. Nilipovuta, gundi ilirefuka kama ulimbo.

Mara ya pili nilisugua unga wote, nikanunua gundi ya kopo ya kupuliza, "ya kazi zote". Kazi zote isipokuwa kukaa chini ya bati la gari Dodoma mwezi wa kumi. Ya tatu nilitafuta gundi inayovumilia joto kali, nikasoma kopo mpaka mwisho, halafu nikafanya kazi saa tano asubuhi, upepo wetu ukiwa umeshaamka. Siku mbili tu. Nikakata kipande nikampelekea mzee mmoja fundi siti kule Majengo. Akakigeuza, akakisugua kwa dole gumba.

"Mjukuu wangu, hapa umebandika vumbi."

Ni kweli. Upande wa gundi ulikuwa mwekundu kama andazi lililoanguka barabarani.

Lakini vumbi halikueleza kwa nini mara zote tatu kilianzia kubanduka palepale bondeni. Hilo nililiwaza wiki nzima. Kumbe kosa ni langu: nilikuwa nakivuta kitambaa kikaze ili kisiwe na mikunjo. Kitambaa kilichokazwa juu ya bonde kinataka kunyooka kama ngozi ya ngoma, na gundi ikishapata moto haina nguvu ya kukizuia.

Kabla ya jaribio la nne nilifanya kitu ambacho ningepaswa kuanza nacho. Vipande vitatu vya ubao, gundi tatu tofauti, kila kitambaa nimekining'inizia nati nzito pembeni, vyote juu ya dashibodi siku tatu. Viwili vilidondosha nati siku ile ile ya kwanza. Cha tatu mpaka leo kipo, nimekitundika stoo kama cheti.

Basi nikaamka saa kumi na moja, nikamwagia uwanja maji, saa kumi na mbili nikaanza. Ubaoni mikono miwili myepesi ya gundi, kwenye kitambaa mmoja, nikangoja hadi kidole kikigusa kisiondoke na nyuzi. Nusu ya kitambaa kwanza. Nikaanzia chini kabisa ya bonde, nikibonyeza kwa ncha za vidole, ndipo nikapanda kingoni. Sikuvuta hata kidogo.

Kuhusu vifaa: tupeni brashi ya waya, inatafuna ubao. Mfagio mfupi wa chelewa unatoa unga wote bila kukwangua. Barakoa ni lazima.

Chini ya bati nimeweka ile foili yenye sponji wanayotandika chini ya mabati ya nyumba, nikaacha nafasi kidogo ya hewa kabla ya ubao, maana foili iliyobanwa pande zote hairudishi joto. Lami ya kuzibia paa sishauri mtu, juani inalainika na kunuka. Nikaazima kipima joto cha bunduki kwa fundi friji. Kabla ya foili, bati kwa ndani lilisoma nyuzi 63. Baada ya foili, 36! Nilishangilia peke yangu. Fundi friji akacheka: "Kaka, kitu kinachong'aa kinakidanganya hicho kipimo. Bandika tepu nyeusi, pima juu yake." Nyuzi 52. Si mbaya, ila ile 36 iliniuma kuiaga.

Mpango ulikuwa nimalizie nguzo za pembeni kwa kitambaa hicho hicho. Sijazigusa. Dari ilipokuwa chini niliona njia nzuri ya waya kutoka mlango wa nyuma hadi mbele, nikapitisha waya wa kamera ya kurudia nyuma. Kamera yenyewe sina. Nguzo zipo uchi, unga wa manjano ungali kwenye zulia, na mke wangu ameuliza mara mbili safari ya Kondoa ni lini.