Programu ya mkopo inasoma nini kwenye simu yako

Ukipakua programu ya mkopo hapa Kenya, kabla hujafika kwenye kiasi unachotaka, simu inauliza: iruhusiwe kusoma SMS? Hapo ndipo biashara ilipo. Meseji za M-Pesa zinaeleza mauzo yako yanaingia lini, salio linakauka tarehe ngapi, unafuliza mara ngapi (yaani unakopa Fuliza salio la M-Pesa likipungua), na kiasi gani kinaishia kwenye paybill ya kamari. Kompyuta inayapima hayo na kukupa alama, yaani uwezekano kwamba utalipa.

Haiangalii pesa tu. Mwaka 2016 Shivani Siroya, mwanzilishi wa programu ya mikopo ya Tala, alieleza hadharani kwamba wanaowasiliana na watu zaidi ya 58 huwa wakopaji bora. Basi mwenye laini mbili, anayewapigia jamaa zake kwa WhatsApp, anaweza kuonekana hana watu.

Kwa SMS, Android haina ruhusa nusunusu. Huwezi kuachia meseji za M-Pesa pekee. Ikipata SMS, imepata za benki, za hospitali na za mchumba. Orodha ya majina ndiyo iliyoleta aibu zaidi: umechelewa kulipa, anapigiwa mwajiri, shemeji, hata fundi wa gari. Google ilizizuia programu za mikopo kuchukua majina na picha kuanzia 31 Mei 2023, lakini zuio hilo ni la Play Store. APK, yaani faili la programu, uliyotumiwa kwa kiungo hailijui.

Ingia Mipangilio, Programu, chagua jina lake, kisha Ruhusa. Zima SMS, Anwani (orodha ya majina) na Mahali. Nyingine zitagoma kukukopesha tena, na hilo lenyewe ni jibu. Wengi huifuta programu wakidhani wamemaliza, kumbe nakala ilishafika kwenye seva siku ileile waliyobonyeza "Ruhusu". Lipa deni, kisha iandikie kampuni barua pepe ukidai data ifutwe kwa kifungu cha 40 cha Sheria ya Ulinzi wa Data, 2019. Kumbukumbu za mkopo wenyewe wanaweza kubaki nazo kisheria. Meseji zako na majina ya shemeji hawana kisingizio. Ukinyimwa mkopo kwa uamuzi wa mashine peke yake, kifungu cha 35 kinakuruhusu kudai uangaliwe upya.

Wakikaa kimya, peleka barua hiyo kwa Kamishna wa Data. Septemba 2023 ofisi hiyo iliipiga kampuni ya Mulla Pride, wenye programu za mikopo KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kusumbua watu kwa namba zilizopatikana kwa wengine.

M-Shwari na Fuliza, mikopo iliyo ndani ya M-Pesa, haziombi kusoma SMS zako. Daftari la miamala tayari liko kwa Safaricom.